Saa ya kamani ya bei kali: pima hivi kabla hujatoa pesa ukiwa Uganda

Kijana akipata kazi nzuri Kampala, au mfanyabiashara wa Busia akifunga mwaka na faida, si ajabu wazo la saa likamjia. Na hataki ya betri. Anataka ile inayokwenda kwa kamani, utepe wa chuma uliojikunja ndani, ambao ama unautia ufunguo kwa vidole au unajikaza wenyewe mkono unapotembea. Akifika dukani au mtandaoni anakuta bei za dola 300, dola 3,000, dola 10,000, na zote kwa mbali zinafanana. Ndipo anauliza: pesa yote hii ni ya nini?

Jibu langu ni hili. Kama unataka tu kujua ni saa ngapi, saa ghali ya kamani haistahili hata robo ya bei yake. Kama unaipenda mashine yenyewe, inaweza kustahili. Lakini kwa sisi tulioko Uganda kuna swali linalotangulia chapa, sura na bei: siku ikisimama, nani ataifungua? Hatua zote hapa chini zimesimama juu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Kubali kwamba hununui majira

Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989 na inauzwa mpaka leo, haikosei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake hukaa kama miaka 7. Sasa chukua saa ya kamani yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima kila mashine kwa siku 15, katika mikao 5 na viwango 3 vya joto. Ili kupata cheti, mashine inaruhusiwa kuchelewa wastani wa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku. Kwa siku, si kwa mwezi. Saa inayokimbia sekunde 5 kila siku itakuwa imekutangulia dakika 2 na nusu mwezi ukiisha, na bado ni saa yenye cheti.

Mashine ya kawaida ya Seiko, NH35, ambayo imo ndani ya saa nyingi za bei ya kati, kiwanda chenyewe kinasema inaweza kuchelewa sekunde 20 au kukimbia 40 kwa siku. Nyingi huenda vizuri kuliko hapo, ila hiyo ndiyo ahadi.

Sababu iko wazi. Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ndani ya saa ya kamani kuna gurudumu dogo linaloyumba huku na huku, likipiga mara 6 au 8 kwa sekunde, na gurudumu hilo linasumbuliwa na kila kitu: joto, mafuta, sumaku, hata namna ulivyoilaza saa usiku.

Seiko ilizindua Astron huko Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya kwatzi ya mkono kuuzwa madukani. Iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari dogo wakati ule. Haikupita miaka mingi bei ya kwatzi ikaporomoka, na Uswisi ikaumia: waliokuwa wakifanya kazi kwenye viwanda vya saa, kama watu 90,000 mwaka 1970, walibaki karibu theluthi moja kufikia katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vya saa za kamani vilivyopona viliacha kuuza majira, vikaanza kuuza ufundi, historia na jina. Kwa hiyo muuzaji akikuambia saa fulani ni ghali kwa sababu inashika majira kuliko zote, ujue ama hajui anachouza au anakudanganya.

Hatua ya 2: Tafuta fundi kabla hujatafuta duka

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Zunguka katikati ya Kampala, kwenye veranda za majengo ya William Street, Luwum Street na kuelekea Owino. Utakuta meza ndogo zenye kioo juu, mikanda imening'inia, fundi ameinama. Wengi wao ni hodari wa kubadilisha betri, kufupisha bangili na kuweka kioo kipya. Wanaoweza kuifungua mashine ya kamani mpaka gurudumu la mwisho, waioshe, waipake mafuta na kuirudisha ni wachache. Hao ndio unaowatafuta.

Siku moja nilimkuta fundi mzee, mtu wa Bombo, lensi imebanwa kwenye jicho, amefungua Seiko 5 ya kijana wa bodaboda. Aliniita: "Mwanangu, njoo uangalie hapa." Akanipa lensi. Kwenye ncha ya ekseli ya gurudumu moja, nyembamba kuliko sindano ya kushonea, kulikuwa na uji mweusi wenye rangi ya udongo pembezoni. "Mzee, hayo ni mafuta?" nikamuuliza. "Yalikuwa mafuta," akasema. "Mpira wa mgongo wa saa umekufa, vumbi la barabara likaingia. Vumbi na mafuta vikichanganyika vinakuwa msasa." Alipoisafisha ile ncha nikaona mfereji uliochimbika kuzunguka chuma. Saa ilikuwa bado inatembea, ila ilikuwa inachelewa, na mwenye saa alidhani ni kasoro ya kawaida.

Hivyo ndivyo saa za kamani zinavyokufa hapa kwetu. Zinatembea huku zinajila. Ncha za magurudumu huzunguka ndani ya vito vidogo vyekundu, ambavyo ni yakuti ya kutengenezwa kiwandani, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. (Ndiyo maana saa ikiandikwa ina vito 24 usifikirie kuna mali ndani, thamani ya vito hivyo ni ndogo sana, kazi yake ni kupunguza msuguano.) Vito haviliki haraka, lakini chuma kinachozunguka ndani yake kinalika mafuta yakikauka au yakichafuka. Omega hushauri sevisi kila baada ya miaka 5 hadi 8, Rolex kama kila miaka 10. Kwa mtu anayeendesha pikipiki kwenye barabara ya murram kila siku, mimi ningeshika ile idadi ya chini.

Ukimpata fundi, usimuulize kama anaweza. Kila mtu anaweza. Muulize hivi:

- Ukifanya sevisi, unafungua mashine yote au unaweka mafuta kwa juu? Anayesema anaweka tone tu bila kuosha, mshukuru na uondoke.
- Una mashine ya kusikiliza mapigo? Ni kisanduku chenye kipaza sauti kinachoonyesha saa inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Bei yake si kubwa, na fundi makini anayo.
- Mashine zipi umezifungua mwaka huu? Akikutajia NH35, 7S26, Miyota, ETA 2824 bila kusitasita, una mtu.
- Vipuri unavitoa wapi?

Swali la mwisho ndilo zito. Kampuni kubwa za Uswisi zimefunga mlango wa vipuri: haziviuzi ila kwa mafundi waliosajiliwa nazo. Mafundi huru wa Ulaya walilalamika kwa miaka mingi, na mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikayakataa malalamiko yao. Ikiwa fundi wa Paris mwenye karakana ya kisasa ananyimwa gurudumu la saa hizo, wa William Street atalitoa wapi?

Kwa hiyo gawanya saa unazozitamani katika mafungu, na uzigawe kwa mashine iliyomo, si kwa jina lililo usoni.

Fungu la kwanza ni mashine za Kijapani za kawaida: NH35 na ndugu zake wa Seiko, Miyota za Citizen, na zile za Orient. NH35 nzima, mpya, hupatikana kwa kama dola 40 au 50. Ikichakaa sana, fundi anaitoa na kuweka nyingine, na saa inazaliwa upya kwa pesa ndogo kuliko sevisi kamili ya saa ya Uswisi. Kwa mtu wa Arua, Mbale au Gulu, fungu hili ndilo lenye akili.

Fungu la pili ni ETA 2824 na mwenzake Sellita SW200. Mashine hizi zimo ndani ya chapa nyingi sana za Uswisi, mafundi wa dunia nzima wanazijua, na vipuri vya kuzifaa hupatikana hata nje ya mikono ya kiwanda. Fundi mzuri wa Kampala ataziweza.

Fungu la tatu ni mashine ambazo kampuni inajitengenezea yenyewe na kujihifadhia. Hapa saa yako itapanda ndege kila inapohitaji sevisi.

Halafu kuna zile zisizofunguliwa kabisa. Swatch Sistem51, iliyotangazwa mwaka 2013, ina vipande 51 tu vilivyoshikwa na skrubu moja katikati, inaunganishwa na mitambo na kufungwa moja kwa moja. Ni kazi ya uhandisi ya kusifiwa, ila ikifa imekufa. Powermatic 80 ya Tissot inafunguliwa, lakini haina kile kijiti cha kawaida cha kurekebishia kasi, na fundi asiye na kifaa chake atapata tabu. Ni saa nzuri. Nenda nayo ukijua hilo.

Hatua ya 3: Ivunje bei vipande vipande

Shika saa ya dola 250 mkono mmoja na ya dola 5,000 mkono wa pili, kisha uliza kila tofauti imegharimu nini.

Anza na kioo, maana hapa pesa ya ziada ni ya halali kabisa. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga wa kwatzi, ambao kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs una 7. Kioo cha kawaida cha saa kiko kwenye 5 na nusu au 6 hivi, kwa hiyo kila ukiifuta saa kwa shati lenye vumbi unaikwaruza. Kioo cha safaya kina 9. Vumbi la barabara ya Moroto halikigusi. Safaya hupatikana kuanzia saa za dola 200 na ushei, na kwa Uganda mimi naihesabu kuwa ya lazima.

Chuma: saa karibu zote nzuri ni za chuma aina ya 316L. Rolex hutumia 904L, kinachovumilia kutu zaidi. Kwa jasho na mvua zetu 316L inatosha maisha yote.

Kisha mashine. Hapa ndipo utashangaa. TAG Heuer wana mashine waliyoiita Calibre 5. Ukiifungua ni ile ile ETA 2824 au Sellita SW200 unayoipata kwenye saa za bei ya chini sana. Hata Rolex Daytona, kuanzia 1988 mpaka 2000, ilitumia mashine iliyojengwa juu ya El Primero ya kampuni ya Zenith. Hakuna aibu katika hilo, na Rolex waliirekebisha sana. Lakini mnunuzi anapaswa kuuliza jina la mashine kama anavyouliza injini ya gari.

Maneno "Swiss Made" nayo yana kipimo chake. Tangu Januari 2017 sheria ya Uswisi inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi. Asilimia 40 inaweza kuwa ya kwingine, na kwa saa za bei ya kati mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kinachobaki ni umaliziaji wa mkono. Omba lensi, tazama kingo za mishale. Kwenye saa ya bei ndogo kingo zina mikwaruzo midogo na rangi imevimba pembeni. Kwenye saa iliyofanyiwa kazi, mshale una mgongo uliochongwa, upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na ukiugeuza mwanga unahama kwa mstari mmoja ulionyooka. Geuza saa, kama mgongo wake ni wa kioo, utazame kingo za vibao vya mashine: je, zimelainishwa kwa mkono au zimekatwa tu? Mtu alikaa na kijiti na unga wa kusugulia akafanya hivyo, na kazi yake inalipwa. Mimi naiheshimu sana kazi hiyo. Kama ukiitazama moyo wako haufanyi lolote, basi usiilipie, maana saa haitakwenda vizuri zaidi kwa sababu yake.

Kwa jicho langu, kutoka dola 200 mpaka dola 1,000 hivi, kila dola unayoongeza unaweza kuiona au kuigusa. Kutoka hapo mpaka dola 3,000 unapata umaliziaji bora na mashine zilizorekebishwa kwa uangalifu, ila hatua zinakuwa fupi. Kupita dola 5,000 sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwenye jina, matangazo, na uhaba ambao mara nyingine umepangwa. Watu wenye pesa wanayo haki ya kununua jina. Wasiambiwe tu kwamba ni chuma.

Jambo moja naliweka upande wa kamani bila kusita: saa nzuri ya kamani ya mwaka 1965 bado inaweza kufunguliwa leo na kutembea. Saa ya betri ya 1985 sakiti yake ikifa, mara nyingi ndio mwisho. Ikiwa unataka kitu kitakachovaliwa na mtoto wako, hoja hiyo ni ya kweli, mradi umekwisha pita hatua ya 2.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya miaka 10

Chukua karatasi. Nikichukulia shilingi 3,700 kwa dola, hesabu inakwenda hivi.

Saa ya Seiko ya dola 250 ni kama shilingi 925,000. Ndani ya miaka 10 weka mashine mpya moja na malipo ya fundi na mpira wa kuzuia maji mara kadhaa, tuseme 400,000. Jumla haifiki milioni moja na nusu.

Saa ya Uswisi ya dola 5,000 ni shilingi 18,500,000. Sevisi moja kwa kampuni yenyewe ni dola 700, 800 na zaidi. Weka 800, yaani karibu milioni 3. Ongeza kuisafirisha kwenda na kurudi na bima yake njiani. Ukiagiza kutoka nje kihalali, kuna ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki na VAT ya asilimia 18 juu. Unapita shilingi milioni 25, ambazo ni pikipiki mpya kadhaa za bodaboda.

Hapo ndipo mtu husema: lakini saa ni uwekezaji, nitaiuza. Hapana. Saa nyingi mpya hupoteza sehemu kubwa ya bei siku unayotoka nayo dukani. Zinazoshikilia ni chache: baadhi ya Rolex za chuma, Nautilus ya Patek Philippe, Royal Oak ya Audemars Piguet, na hata hizo bei zake za mkono wa pili zilifika kileleni mapema mwaka 2022 kisha zikashuka. Na wewe uko Kampala, si Geneva. Siku ukiwa na shida ya karo, utamuuzia nani saa ya milioni 18 kabla ya Ijumaa? Kama pesa hiyo unaitaka izae, ipeleke kwenye poloti, SACCO, au hati fungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu. Saa inunuliwe kwa pesa ambayo ikipotea nyumba inaendelea kula.

Hatua ya 5: Ipime kabla ya kutoa pesa

Feki zimejaa, na zimeboreka. Zamani tulikuwa tunatazama mshale wa sekunde: ukiteleza ni orijino, ukirukaruka ni feki. Kipimo hicho kimekwisha. Feki nyingi leo zina mashine za kamani za Kichina, na mshale unateleza vizuri tu. Muuzaji atakwambia, "Boss, tazama inavyoteleza." Mwambie umeona, endelea kupima.

Kama ni Submariner, saa ya Rolex ya wapiga mbizi, na mshale unaruka mara moja kwa sekunde, ni feki. Kama ni Submariner yenye mgongo wa kioo unaoonyesha mashine, ni feki, maana Rolex haijawahi kuitoa hivyo. Kwa saa yoyote nyingine ya kamani omba mgongo ufunguliwe mbele yako na fundi wako, si wa muuzaji. Jina la mashine na jina la kampuni huchorwa kwenye chuma, safi, si kwa stika wala rangi. Muuzaji anayekataa kufungua saa ya milioni 5 amekwisha kukujibu.

Halafu pima mwendo. Kama ni ya kutiwa ufunguo kwa vidole, itie mizunguko 20 hadi 30. Iweke sikioni: mapigo yawe sawa, si moja zito na moja jepesi. Vuta kitufe cha ufunguo, zungusha mishale. Isilegee wala isikwame. Kwa saa ya kujijaza, yaani inayojikaza yenyewe mkono unapotembea, itikise kidogo uisikilize: kile kibao kizito cha ndani kizunguke bila kukwaruza. Simu pia zina programu zinazosikiliza mapigo kwa kipaza sauti chake na kukuonyesha kasi. Si sahihi kama kifaa cha fundi, lakini zinafichua mgonjwa mahututi.

Uwe macho na Seiko 5 kuukuu zenye uso unaong'aa kupita umri wake. Nyingi hupakwa rangi upya India na kuuzwa zikionekana mpya. Maandishi huwa manene, rangi haipatikani kwenye saa yoyote iliyotoka kiwandani, na ndani vipande vya mashine mbalimbali vimekusanywa. Kwa bei ya chini na ukijua unachonunua, sawa. Kwa bei ya saa halisi, kataa.

Karatasi: omba risiti yenye namba ya saa, na kama imeingizwa kutoka nje, nyaraka za ushuru. Utazihitaji kwa bima, kwa polisi ikiibiwa, na siku ya kuiuza. Na ikiwa ni saa ya maana, usiivae mkono ukiwa dirishani kwenye foleni ya magari jioni. Wanaonyakua simu wananyakua na saa.

Hatua ya 6: Ishi nayo vizuri

Usibadilishe tarehe mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku (kati ya 9 na 3 kwenye uso wa saa). Wakati huo meno ya kalenda yameshikana, na ukilazimisha yanavunjika. Peleka mishale mpaka saa kumi na mbili kwanza, yaani mshale mfupi uwe kwenye 6, badilisha tarehe, kisha weka saa.

Saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuogelea mita 30. Inavumilia mvua na kunawa mikono. Mita 100 na kuendelea, kitufe kikiwa kimefungwa, ndiyo ya kuingia nayo Ziwa Nalubaale (Victoria) au kwenye mawimbi ya Jinja. Mpira ukaguliwe kila mwaka au miwili, kabla mvua za Machi hazijaanza. Ukiona ukungu ndani ya kioo asubuhi, usisubiri ukauke wenyewe: ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, kutu huanza haraka.

Ikianza ghafla kukimbia dakika nzima au zaidi kwa siku, usidhani imeharibika. Mara nyingi ni sumaku: spika, jalada la simu lenye sumaku, bizimu ya mkoba. Kamani ya pili, nyembamba kama unywele, inayoliyumbisha lile gurudumu dogo, inanata mizunguko yake na gurudumu linakwenda mbio. Isogeze karibu na dira. Sindano ikichezacheza, jibu ni hilo. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo na kazi yake ni dakika moja. Usikubali kulipa sevisi nzima kwa hilo.

Saa ya kujijaza ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta imelala, maana mashine nyingi hukaa kama saa 40 tu. Hiyo si kasoro.

Hatua ya 7: Fungua kabati la nyumbani kwanza

Kabla hujatoa hata shilingi, uliza nyumbani kama kuna saa ya mzee. Seiko 5 zilianza kutengenezwa mwaka 1963 na zilivaliwa sana. Citizen za miaka ya 1970 vilevile. Nyingi zimelala kwenye droo kwa sababu zilisimama na hakuna aliyezipeleka popote.

Ukiipata, usiitie ufunguo kwa nguvu wala usiitikise kuona kama itaamka. Mafuta yamekauka, na kuitembeza hivyo ni kuikata. Ipeleke kwa yule fundi wa hatua ya 2, aifungue atazame kutu. Ikiwa kutu haijafika kwenye kamani ya unywele na magurudumu, sevisi itaiamsha. Mwambie wazi asiusugue uso wa saa na asiupake rangi, hata ukiwa umebadilika kuwa wa kahawia, na akubaliane nawe kwamba kila kipande atakachokitoa atakurudishia kwenye bahasha. Kama ni ya kabla ya miaka ya 1960 kwisha, na namba zake zina rangi ya kung'aa gizani iliyogeuka njano au kahawia, huenda hiyo ni radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari: isikwanguliwe, isifunguliwe nyumbani, na watoto wasiichezee. Fundi aambiwe kabla hajaifungua.

Ivae miezi sita. Ukijikuta unaitia ufunguo au unaivaa kila asubuhi kwa raha, unaisikiliza, unataka kujua kilichomo ndani, basi rudi hatua ya 3 na utafute saa ya fungu la kwanza au la pili kwa pesa uliyo nayo. Ukijikuta unaisahau mezani na kutazama simu, umeokoa mamilioni, na saa ya mzee imepona.